Makapi ya Mkonge

Ukipeleka kilo 100 za majani ya mkonge kiwandani, utapata kilo 4 hivi za katani. Kilo 96 zinazobaki ni maji, nyama ya jani na maganda, na kwa zaidi ya miaka mia moja zimeitwa makapi. Historia ya zao hili imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara imekuwa historia ya zile kilo 4: bei ya katani London, kamba za meli, magunia, manamba, utaifishaji, kuporomoka kwa mashamba. Mimi nataka kusimulia habari za zile 96.

Shahada yangu ya kwanza niliichukua katika kemia, na sasa nasoma uzamili wa historia. Mtu wa namna hiyo akisoma takwimu za mwaka 1964, ambapo Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za katani na kuongoza duniani, hawezi kuacha kupiga hesabu ya upande wa pili. Ikiwa katani ni asilimia 4 ya jani, basi mwaka ule yalikatwa majani yapata tani milioni 5.7, na kati ya hizo tani milioni 5.5 zilipita mferejini. Sehemu kubwa ilikuwa maji, ni kweli. Lakini ndani ya maji yale mlikuwamo kitu ambacho maabara za London zilikuwa zimekitafuta kwa hamu, na kwa miaka kadhaa kitu hicho kilisafirishwa kutoka huku hadi Uingereza kwenda kutengenezewa dawa. Watu wachache sana wanalijua jambo hili, hata katika mkoa wa Tanga.

Mkonge wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Mexico, na jina la Kizungu la zao hili limetokana na bandari ndogo ya Sisal katika rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliiagizia kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, ikafika Pangani, na katika safari ile ndefu ikabaki hai 62 tu. Miche hiyo 62 ikapandwa na kuzaliana, na kutoka hapo mashamba yakaenea bonde la Pangani, Muheza, Korogwe, Morogoro, Kilosa, hadi Lindi, na kuvuka mpaka kuingia Kenya.

Zao hili lilikuja pamoja na mashine yake. Jani la mkonge halivuliwi katani kwa mkono likatosheleza soko la dunia. Linahitaji mashine kubwa ambayo wafanyakazi wa mashambani waliipa jina la mtambo wa Kijerumani wa enzi hizo, korona, na likabaki kuwa jina la kiwanda kizima. (Msomaji wa leo anisamehe. Korona ya mkonge ina umri mkubwa kuliko ile ya ugonjwa.) Majani yanaingizwa yakiwa yamepangwa sambamba, yanabanwa, na magurudumu yenye visu butu yanayapiga mpaka nyama yote inatoka na kubaki nyuzi za kijani-njano. Maji mengi yanamwagwa kuziosha. Nyuzi zinakwenda kuanikwa kwenye kamba, kisha brashi, kisha zinafungwa robota. Nyama, utomvu na maji vinashuka chini ya mashine, vinaingia mferejini na kwenda zake. Aliyepita Hale au Ngombezi kwa basi siku ambayo korona inafanya kazi anaijua harufu yake: uchachu mzito, kama matunda yaliyosahauliwa guniani.

Nimezungumza na mzee mmoja wa Korogwe aliyefanya kazi korona ujana wake wote. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba sikuja kuuliza habari za katani, nataka habari za mfereji. Alicheka. "Mjukuu wangu," akasema, "katani ilikuwa ya bwana shamba, makapi yalikuwa ya mto." Kisha akanyoosha mikono kunionyesha ngozi ya viganja. Kilichomkaa akilini kuhusu makapi ni muwasho. Maji ya mkonge yakikurukia, alisema, utajikuna mpaka usingizini, na mgeni wa kazi alitambulika kwa mikono iliyovimba.

Muwasho ule una maelezo yake. Ndani ya jani mna fuwele nyembamba kama sindano, na mna pia saponini, kemikali zinazotoa povu majini kama sabuni. Mmea unajilinda nazo dhidi ya wadudu na wanyama. Tuziweke kando hizo saponini kwa muda, maana hadithi inapaswa kwanza kwenda mbali na Tanga.

Mnamo Septemba 21, 1948, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi alidungwa sindano ya kemikali mpya. Daktari wake alikuwa Philip Hench, na kemikali ilitokana na utafiti wa mwenzake Edward Kendall juu ya tezi zilizo juu ya figo. Katika siku chache mwanamke yule, ambaye hakuweza kujigeuza kitandani bila maumivu, alisimama akatembea, na akatoka kwenda madukani. Kemikali ile ikapewa jina kortisoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel.

Tatizo likawa kuipata. Kortisoni ni mojawapo ya steroidi, familia ya kemikali zenye pete nne za kaboni zilizoungana. Pete hizo zipo katika viumbe wengi, wanyama kwa mimea, lakini kortisoni ina sharti gumu: lazima kuwe na oksijeni kwenye kaboni namba 11. Fikiria nyumba nyingi zilizojengwa kwa ramani moja, na wewe unahitaji ile yenye dirisha kwenye ukuta mmoja mahususi, ukuta ambao mafundi karibu wote huuacha mtupu. Mkemia Lewis Sarett wa kampuni ya Merck aliianza kazi yake na nyongo ya ng'ombe, ambayo ina oksijeni kwenye kaboni namba 12, ukuta wa jirani. Kuihamisha oksijeni ile kutoka 12 hadi 11 na kukamilisha mengine kulichukua zaidi ya hatua 30 za maabara. Nyongo ilitoka machinjioni, ng'ombe wengi wakihitajika kwa dozi chache, na mwaka 1949 gramu moja ya kortisoni iliuzwa dola 200. Wagonjwa wa baridi yabisi walikuwa mamilioni.

Kwa hiyo likazuka shindano, na ukilitazama vizuri lilikuwa kwa kiasi kikubwa shindano la vitu ambavyo watu walikuwa wakivitupa au wakiviona havina thamani. Nyongo ya machinjioni ilikuwa kimoja. Cha pili kilitoka Mexico, ambako mkemia Mmarekani Russell Marker alikuwa ameonyesha mapema miaka ya 1940 kwamba kiazi kikuu cha porini kina diosjenini, kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa homoni. Cha tatu kilikuwa mabaki ya mafuta ya soya. Percy Julian, mkemia Mweusi wa Chicago na mjukuu wa watumwa, alikuwa amegundua njia ya kuvuna steroli kutoka katika mafuta hayo baada ya maji kuvuja ndani ya tangi na kuacha utando mweupe. Wengine walipeleka misafara Afrika kutafuta mbegu za mmea wa Strophanthus, jamaa wa mimea inayotumika kutengenezea sumu ya mishale.

Uingereza ilikuwa na shida ya ziada. Vita vilikuwa vimeisha, lakini dola hazikuwapo. Kununua kortisoni Marekani, au viazi vya Mexico kwa dola, kulikuwa mzigo, na ndiyo maana wanasayansi wake walitazama ndani ya himaya yao wenyewe. Katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, kitongoji cha Mill Hill kaskazini mwa London, kulikuwa na kundi la wakemia lililomjumuisha R. K. Callow, P. C. Spensley na John Cornforth. Cornforth alikuwa Mwaustralia aliyepoteza uwezo wa kusikia tangu ujanani, na baadaye, mwaka 1975, naye alikuja kupata Nobel. Mwaka 1951 hao watatu walichapisha taarifa fupi katika jarida la kemia na viwanda. Ilihusu chanzo cha hekojenini, na chanzo hicho kilikuwa mkonge.

Hapa ndipo zile saponini zinarudi. Saponini ni kitu cha sehemu mbili, sukari upande mmoja na steroidi upande wa pili. Ukiitoa sukari, inabaki steroidi, na katika mkonge steroidi hiyo kwa sehemu kubwa ni hekojenini. Ilikuwa imegunduliwa na Marker huyo huyo katika mmea wa jangwani wa jamii ya Hechtia, na ndiko jina lilikotoka, lakini hakuna aliyekuwa analima Hechtia kwa maelfu ya ekari. Mkonge ulikuwa unalimwa. Na kwa bahati hekojenini ina oksijeni kwenye kaboni namba 12, ule ukuta wa jirani, kama nyongo. Mwaka 1954 Cornforth na wenzake walichapisha njia ya kuihamisha hadi 11.

Sitaki kuongeza chumvi kuhusu wingi wake. Hekojenini ni kidogo sana, chini ya kilo moja kwa tani nzima ya majani. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angelima mkonge, kuukata, kuusafirisha na kuuponda kwa ajili ya kiasi hicho. Lakini tayari majani yalikuwa yamelimwa, yamekatwa, yamesafirishwa na kupondwa. Gharama yote ilikuwa imeshalipwa na katani, na juisi ilikuwa imekusanyika sehemu moja, chini ya mashine, kila siku ya kazi. Hiyo ndiyo siri ya kemia ya makapi, na inafaa kila anayezungumzia viwanda vya taka za mashambani aikariri. Kemikali iliyomo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba mtu mwingine ameshalipa gharama za kuikusanya.

Katika baadhi ya mashamba ya Kenya na Tanganyika kazi ikaanza. Juisi ilikingwa badala ya kuachwa iende na mfereji. Iliachwa ichachuke kwa siku kadhaa, vijidudu vikianza kazi ya kuvunja saponini bila kulipwa chochote, na tope likatuama chini. Tope hilo likapikwa kwa mvuke wa shinikizo kubwa ndani ya mapipa ya chuma ili sukari iliyobaki iachane na steroidi, likachujwa, likakaushwa. Kilichotoka kilifanana na machicha ya kahawa: unga mweusi-kahawia, na takriban sehemu moja ya nane yake ilikuwa hekojenini. Unga huo ukafungwa na kupakiwa melini.

Upande wa pili wa bahari kampuni ya dawa ya Glaxo iliupokea. Ilitengeneza kortisoni kutokana nao, na steroidi nyingine zilipofuata, zenye nguvu zaidi, iliendelea kuitumia hekojenini kama malighafi. Mojawapo ilikuwa betamethasoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Glaxo ilianza kuiuza kama krimu ya kupaka kwa jina la Betnovate, kwa ajili ya ukurutu, upele na muwasho wa ngozi.

Naomba msomaji atulie kidogo hapo. Maji yaliyowavimbisha mikono watu wa korona yalikuwa ndiyo malighafi ya mojawapo ya dawa maarufu zaidi duniani za mikono iliyovimba. Nilipomweleza yule mzee wa Korogwe hakushangaa sana. Aliuliza swali moja tu: "Na hiyo dawa, shambani ililetwa?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo naliona swali lake kuwa zito kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Swali lake linahusu mahali ambapo thamani hukaa. Hebu tuhesabu hatua. Kuchachusha, kutuamisha, kupika, kuchuja, kukausha: hatua tano, na zote zilifanywa na mikono ya Waafrika Mashariki. Baada ya hapo zikafuata hatua nyingi za maabara na kiwanda hadi kufikia tyubu ya krimu, na hizo zote zilifanywa Uingereza. Ni rahisi kusema tuliuza malighafi ghafi, kama pamba, kama kahawa. Lakini sivyo kabisa. Kuivunja saponini ni kemia, tena kemia inayohitaji kujua muda, joto na shinikizo. Mtu aliyesimama kwenye pipa lile akijua lini tope limeiva alikuwa fundi wa kiwanda cha kemikali. Kwenye daftari la mishahara aliandikwa kibarua. Orodha za taaluma tulizorithi wakati wa uhuru hazikuwa na mahali pa kumweka, na ujuzi usio na jina haurithishwi.

Ndiyo sababu, nadhani, biashara hii ilipokwisha haikuacha hata kovu. Iliisha kwa sababu ambazo hazikuhusu ubora wake. Ya kwanza ni katani yenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 bei ilianza kuporomoka, na nyuzi za plastiki zikaingia sokoni kufunga majani ya mifugo na mizigo ambayo zamani ilifungwa kwa katani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakawa chini ya shirika la umma, nalo likapokea zao ambalo dunia ilikuwa imeanza kulipa kisogo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa ikizalisha kama sehemu moja ya kumi ya kilele cha 1964. Makapi hayana maisha yao wenyewe. Korona ikinyamaza, mfereji unakauka, na hakuna anayeweza kuwasha korona kwa ajili ya mfereji.

Sababu ya pili ni kwamba lile shindano la makapi halikusimama. Mwaka 1952 kampuni ya Upjohn ilitangaza kwamba kuvu wa kawaida anaweza kuweka oksijeni kwenye kaboni namba 11 moja kwa moja, kazi iliyowatesa wakemia kwa miaka. Kuanzia hapo ule ujirani wa 12 na 11, uliokuwa sifa kuu ya hekojenini, ulipungua thamani. Mexico iliendelea kutawala kwa viazi vyake hadi serikali ilipounda shirika la umma mwaka 1975 ili wachimbaji wa vijijini walipwe vizuri zaidi. Makampuni ya dawa hayakukaa kubishana. Wakati huo huo watafiti walikuwa wanapata vijidudu vinavyoweza kukata mkia wa steroli za soya, na soya ilikuwa inakamuliwa kwa mamilioni ya tani kwa ajili ya mafuta ya kupikia na chakula cha mifugo. Steroli zake zilikuwa makapi ya kiwanda ambacho hakikuwa na dalili ya kufungwa. Mkonge ulishindwa na makapi mengine, yaliyokuwa mengi zaidi na yenye mwenye nyumba tajiri zaidi.

Hata hivyo hadithi ya steroidi za mkonge haikufa. Ilihama. Watafiti wa Amani na Mlingano, katika mkoa wa Tanga, walikuwa wamezalisha aina chotara ya mkonge inayojulikana kwa namba tu, 11648, inayotoa majani mengi kuliko mkonge wa Hindorf. Mwaka 1963 chotara hiyo ilipelekwa China, ikapandwa Guangdong na Guangxi, na Wachina wakaiita Dong 1, yaani Mashariki Namba 1. Ikawa ndiyo mkonge mkuu wa China. Na huko, kutokana na juisi yake, wakajenga kazi ya kuvuna steroidi za mkonge kwa ajili ya viwanda vyao vya dawa. Mmea ulizaliwa Tanga, wazo lilikuwa limeshajaribiwa Afrika Mashariki, na vyote viwili vikakutana kusini mwa China, mahali ambapo kiwanda cha dawa hakikuwa ng'ambo ya bahari.

Najua jinsi aya hiyo inavyoweza kusomwa: tumeibiwa tena. Mimi siisomi hivyo. Ninachokiona ni kwamba hatua zetu tano zilihitaji hatua ya sita iliyo karibu. Palipokuwa na mtu wa kuinunua hekojenini umbali wa siku moja kwa lori, makapi yaligeuka mali. Palipokuwa na mnunuzi mmoja tu, aliye mbali, mwenye njia mbadala, makapi yalirudi kuwa makapi siku alipobadilisha mawazo.

Nchini kwetu zile kilo 96 zimeanza tena kutazamwa. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, huko Hale, kilijengwa kiwanda cha majaribio cha kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi na umeme, chenye mtambo wa kilowati 150, na kikazinduliwa na Rais Jakaya Kikwete. Ni jambo la maana, kwanza kwa mito: makapi yaliyochachuka yakiingia mtoni hula oksijeni ya maji na kuua samaki, na bonde la Pangani limebeba mzigo huo kwa vizazi. Katika mikutano na ripoti husikika pia orodha ndefu zaidi, pombe ya viwandani, mbolea, chakula cha mifugo, sukari ya inulini, na mara moja moja hekojenini. Orodha ni nzuri. Lakini orodha kama hiyo ilikuwapo pia mwaka 1954, na haikukosa sayansi.

Steroidi zenyewe, kwa upande wao, zilisharudi nyumbani kwa njia nyingine. Leo betamethasoni na ndugu zake wenye nguvu zaidi ni dawa muhimu zikitumika kwa ushauri wa daktari. Ni hizo hizo pia zinazochanganywa katika mkorogo unaouzwa kwa siri kwa dada zetu na mama zetu, na ambao kwa miaka mingi huchubua na kudhoofisha ngozi hadi inakuwa nyembamba kama karatasi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, na bado vinapita. Sisemi kwamba tyubu iliyoko dukani Manzese ina chembe ya mkonge wa Muheza. Kwa jinsi viwanda vinavyofanya kazi siku hizi, kuna uwezekano mkubwa imetoka kwenye soya. Ninachosema ni kwamba jamii iliyosahau kuwa iliwahi kuipika steroidi kwa mikono yake huipokea kama uchawi wa dukani. Mtu anayejua kwamba kitu kile kimetoka kwenye povu la jani la mkonge, na kwamba kilihitaji daktari tangu siku ya kwanza, anaipa heshima na tahadhari tofauti.

Siku hizi mkonge unalimwa pia na wakulima wadogo. Wanakata majani yao, wanayapeleka korona ambayo mara nyingi si yao, na hesabu inafanywa kwa katani iliyotoka. Kwa maneno mengine mkulima analeta kilo 100 na kuhesabiwa 4. Kwa muda ambao 96 zinakwenda mtoni, hakuna ugomvi, maana hakuna anayegombania kilicho cha mto. Lakini siku gesi, mbolea au kemikali zitakapoanza kuleta fedha ya maana, swali litakuwa la kisheria: makapi ni ya nani, ya aliyelima jani au ya mwenye mashine iliyolitenganisha? Jibu linapaswa kuandikwa kwenye mikataba sasa, wakati makapi bado hayana bei na kila mtu anaweza kuwa mkarimu.

Nilimuuliza mzee wa Korogwe angejibu nini. Alifikiri kwa muda, akipapasa viganja vyake. Akasema aliyewashwa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuulizwa. Kisha akaniagiza nikirudi Dar es Salaam nimtafutie maana ya lile neno, hekojenini, nimwandikie kwa herufi kubwa, kwa sababu miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyemtajia jina la kilichokuwa ndani ya maji.